Jina Moja kwa Mashine za Panda na za Shituru

Mtakaosoma, mnivumilie. Niliishia darasa la sita la msingi, na tangu hapo mkono wangu umezoea mkasi kuliko kalamu. Herufi zangu zinalala upande kama nyasi baada ya mvua. Maneno mengine nimeyaandika jinsi tunavyoyasema hapa Likasi, mji wetu wa shaba: njo ni ndiyo, minye ni mimi, fasi ni mahali, papa ni baba. Ukikuta lililoharibika, lisome kwa sauti, labda sikio litalitambua. Tena naandika polepole. Ukurasa mmoja unaweza kumaliza alasiri nzima, ikiwa hakuna mteja.

Mimi ni fundi wa nguo. Nashonea barazani kwa wazazi wangu, huku mtaa wa Panda, kwenye cherehani ya kukanyaga, ambayo haijali umeme upo au haupo. Si mtu wa maneno. Mteja akiniuliza bei, namwonyesha kwa vidole. Mama huwa anawaambia wageni, "Iko anasikia yote, huyu. Kinywa tu njo kiko na haya."

Nyumbani kwetu jina la babu tunalo watu wanne. Babu alitoka Kasai, akaletwa kufanya kazi ya shaba, na alipokufa kila tawi la ukoo lilitaka kumrudisha kwake. Ndiyo desturi. Mimi ninalo, mtoto wa kwanza wa kaka yangu analo, binamu yangu wa mtaa wa Shituru analo, na kijana wa shangazi, yule aliyehamia Lubumbashi, analo pia. Mtu akiliita kwenye kilio, yaani msibani, tunageuka wote. Lakini hatujawahi kuchanganywa. Watu wanasema "ule wa cherehani", "ule wa Shituru", "kale kadogo", na inatosha. Baba yeye hakuniita kwa jina. Kwa kuwa nilibeba jina la baba yake, aliniita Baba. Mzee mwenye mvi anamwambia mtoto mwenye kaptula, "Baba, uniletee maji," na watoto wa majirani wanakufa kwa kicheko.

Kuna kitu kinacholirefusha jina. Wazee wetu wanakiita kasala. Ni sifa za ukoo. Zinasemwa kwa Kiluba, kwa sauti, haraka, kama mtu anayeteremka mlima bila kushika breki: huyu ni mtoto wa nani, ametoka kilima gani, amevuka mto gani, alikataa nini mbele ya nani. Jina la babu peke yake ni la watu wanne. Jina hilo likiwa ndani ya kasala ni la mtu mmoja, na hakuna mwingine duniani anayeweza kuligeukia.

Baba alijua kasala ya ukoo wetu yote. Hapa Likasi alikuwa amebaki peke yake. Waliokuwa wakiijua wengi walipanda treni kurudi Kasai kabla mimi sijazaliwa, na wengine wako makaburini. Baba alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha Shituru, mahali ambapo mtu asipopiga kelele hasikiki, na sauti yake ilibaki hivyo hata baada ya kustaafu. Aliposimama kwenye kilio, wanawake waliacha kulia ili wamsikie.

Alitaka niirithi mimi, kwa ajili ya jina. Alikaa karibu na cherehani akasema, "Baba, sema nyuma yangu." Nilisema mwanzo wake, pale babu wa mababu anapovuka mto amebeba moto ndani ya chungu. Nilifika ng'ambo ya mto nikakwama. Siyo kwamba sikuwa nikisikia. Alipokuwa akinitazama, koo langu lilijifunga. Baba hakukasirika. Alikuwa akisema, "Sawa. Mto ni mbali. Kesho tutaenda mbele."

Kisha koo lililofungwa likawa lake. Lilianza kama kikohozi, tukalaumu vumbi na moshi wa kiwanda. Daktari wa Lubumbashi alisema uvimbe uko mahali sauti inapotokea, na pasipokatwa Baba hataishi. Pakikatwa, hatasema tena.

Hapo ndipo kaka yangu alipoleta simu, ili kuinasa kasala kabla ya Baba kukatwa. Mimi namwita yaya, kama wote hapa wanavyowaita wakubwa wao. Yeye ndiye aliyesoma. Alijifunza kompyuta Lubumbashi, akarudi. Kazi yake ni kuwatunzia watu vitu vyao: video za ndoa za studio za picha, nyimbo za kwaya za maparokia. Siku ile Baba alikaa sebuleni, na shangazi yangu, dada yake mdogo, alikuwa ametoka Shituru makusudi kuja kusikiliza.

"Aka kasimu masikio yake iko wapi?" Baba aliuliza, akiigeuza.

"Hapa chini, papa. Usifunike na kidole."

"Na nikikosea, itacheka?"

"Haicheke. Weye sema tu."

"Ikicheka," Mama alisema kutoka jikoni, "minye nitaipiga mwiko."

Baba alisema kasala yote, kuanzia mto hadi kwetu sisi, na sauti tayari ilikuwa imeanza kukwaruza. Alipumzika, akanywa maji, akaendelea. Alipomaliza, shangazi alikuwa analia na kucheka pamoja.

"Yaya," shangazi alimwambia Baba, maana ndiye mkubwa wake, "siku nitakufa, usiniache niende na jina fupi kama mbuzi."

"Nitakusemea."

"Na kinywa gani? Hiki wanaenda kukata?"

Baba alionyesha simu. "Na hiki. Nimekuahidi mbele ya batoto."

Hiyo ndiyo ahadi. Sote tuliisikia.

Sasa nieleze mashine, jinsi yaya alivyonieleza, kwa sababu bila hilo hamtaelewa. Katika chumba cha nyuma kwetu kuna kompyuta kadhaa ndogo zinazofanya kazi pamoja kama kundi moja. Lakini kundi halihifadhi vitu vya watu ndani yake. Zamani yaya alijaribu, na siku moja umeme wa bwawa la Mwadingusha ulikatika, ukarudi kwa nguvu, ukaunguza kila kitu, na ndoa ya mtu ikapotea humo. Tangu hapo kundi linaomba nafasi kwa kampuni ya ng'ambo, ambayo inalitengea diski huko mbali. Watu wanasema vitu viko kwenye wingu, ingawa yaya anasema ni nyumba yenye paa kama nyingine. Kila diski inabandikwa jina la kundi, ili kundi lijue hii ni yangu.

Na ndani ya kundi kuna programu moja ambayo yaya aliiita mfagiaji. Inapita kule ng'ambo, inatazama kila diski yenye jina la kundi, inalinganisha na zile ambazo kundi linazikumbuka. Ikikuta diski yenye jina hilo ambayo kundi halina habari nayo, inaihesabu kuwa takataka iliyosahauliwa, inaifuta. Ni programu nzuri. Diski isiyo na kazi nayo inalipiwa.

Yaya alipoanzisha kundi la Panda alimwuliza Baba alipatie jina gani. Baba hakufikiri. Alilipatia jina la babu. Kwa hiyo tukawa watano.

Kasala ya Baba ilipanda huko, na nakala yake kwenye diski ya pili, zote mbili na jina la babu. Kisha yaya akaifuta kwenye simu, maana simu ilikuwa imejaa. Tulitulia. "Kule hakuna mwizi wa Likasi," yaya alisema. Diski zile zilipumzika tu. Baba hakutaka kasala isikilizwe ovyo kama muziki wa baa. Alitaka ifunguliwe mara ya kwanza mbele ya watu, kwenye shughuli yenye heshima, na baada ya hapo mimi nijifunze kwayo peke yangu, bila macho ya mtu.

Walimkata. Alirudi na tundu shingoni la kupumulia, na mimi namshonea vitambaa vya pamba vya kulifunika. Nachagua pamba iliyofuliwa mara nyingi, isiyokwaruza.

Kazi ya yaya ilikua. Watu wa Shituru nao walitaka vitu vyao vitunzwe, na kwa kuwa mtandao wa kutoka kule hadi Panda ni mbovu, aliamua kuweka kundi la pili kulekule, katika chumba karibu na reli. Alikuwa na mwenzake mmoja, kijana wa kule, mcheshi. Kuteremsha programu zote upya kwa mtandao wetu kungechukua muda mrefu na kumaliza pesa ya vifurushi. Kwa hiyo yaya alifanya kama tunavyofanya wote huku: alinakili programu zote za kundi la Panda, na ufunguo wake wa kule ng'ambo, lakini si kumbukumbu zake, kwenye diski ya mkononi, akaiweka kifuani ndani ya shati, akapanda pikipiki.

Nilikuwa nimekwenda naye siku hiyo. Nilikuwa nimeshona pazia zito la kuzuia vumbi la kiwanda. Nilipokuwa nalitundika niliwasikia wakizungumza.

"Chef, hii tunaita namna gani?" mwenzake aliuliza, maana chef kwetu ni bosi.

"Jina njo ile ile. Ya babu."

"Babu tayari iko Panda."

"Na kwetu babu iko na majina yake kila fasi. Panda, Shituru. Mtoto akizaliwa tunamupa jina, hatuangalie kama ingine iko. Ile ya Panda ni ya Panda, hii ni ya hapa. Nani atakosea?"

"Eh! Babu anakuwa na nyumba mbili. Bibi anajua?"

"Bibi alikufa."

"Basi, aoe tu!"

Walicheka, na mimi nyuma ya pazia nilicheka. Tulipofika nyumbani yaya alimwambia Baba kwamba jina la baba yake sasa liko na Shituru pia, mahali alipofanyia kazi. Baba aliinua vidole viwili, kisha akaweka mkono kifuani. Alikuwa amefurahi sana. Hilo ndilo sijui nilifanyie nini kichwani mwangu.

Shangazi alikufa muda mfupi baadaye, kwa ugonjwa wa moyo, ghafla, akipepeta unga. Kilio kiliwekwa mbele ya nyumba yake Shituru: turubai, viti vya plastiki, mikeka ya wanawake. Yaya alileta kompyuta na spika kubwa ya kwaya. Siku ya mazishi, jeneza likiwa bado wazi, Baba alisimama kando yake, kitambaa cheupe shingoni, akampa yaya ishara kwa mkono.

Yaya alifungua. Akafunga. Akafungua tena. Nilimwona akikausha mikono kwenye suruali.

Kwenye kilio chetu wajukuu wa marehemu wana ruhusa ya kutania. Mmoja wao, msichana aliyekuwa amevaa koti la nyanya yake kinyume, alipaza sauti, "Mashine inaona haya! Imefanana na ule wa cherehani!"

Watu wakacheka. Mzee mmoja wa upande wa mume wa shangazi akauliza, "Alors, tunangojea nini? Kaburi imekwisha kuchimbwa."

Yaya alinivuta nyuma ya nyumba.

"Haiko," alisema.

"Nini haiko?"

"Kasala. Na nakala yake. Diski zote zenye zilikuwa zinapumzika, zimefutwa."

"Nani amefuta?"

"Kundi la hapa." Alikaa chini, kwenye vumbi, na suruali yake ya kilio. "Nililipatia jina moja na lile. Likaamka, likaangalia kule juu, likaona diski ziko na jina lake na haizijue. Likafagia. Zenye zilikuwa na kazi hazikufutika, zilikuwa zimeshikwa. Njo maana hakuna muntu alipiga kelele."

Tulisikia wanawake wakianza wimbo wa kanisa, kisha wakinyamaza, kwa sababu Baba alikuwa amewanyamazisha kwa mkono. Bado alikuwa anangoja.

Yaya alikwenda akamnong'oneza. Sikuona uso wa Baba, nilikuwa nyuma yake. Niliona mabega tu. Kisha aligeuka, akanitafuta kwa macho katikati ya watu, akaniita kwa kidole, kama alivyokuwa akiniita kuketi karibu na cherehani.

Nilikwenda. Nilisimama mbele ya watu wote wale. Nikasema mwanzo: yule aliyebeba moto ndani ya chungu, maji yakimfika kiunoni, kisha kifuani. Sauti yangu ilitoka. Ilikuwa ndogo lakini ilitoka, na mzee mmoja aliitikia kama wanavyoitikia. Nikafika ng'ambo ya mto. Hapo pakaisha.

Nilimtazama Baba. Midomo yake haikuwa imesimama. Alikuwa anaendelea. Alikuwa anasema kasala, haraka kama siku zote, mkono ukipiga hewa, na kitambaa nilichomshonea kikipanda na kushuka kwa pumzi. Hakuna kilichosikika ila pumzi hiyo. Nilijaribu kusoma midomo. Nilishika labda neno moja, na lilikuwa jina la babu, na jina la babu ni la watu wengi. Alipofika kwa shangazi aliinama juu ya jeneza, na kinywa kikafanya maneno marefu juu ya uso wake. Kisha akafunga kinywa. Watu hawakujua kama wamekwisha kusikia au la. Mwanamke mmoja akaanzisha wimbo ili kutufunika, na wakafunga jeneza.

Msichana wa koti alinijia jioni ile, akanishika mkono. "Unisamehe, papa mudogo," alisema. "Sikujua." Nilitikisa kichwa kumwambia hakuna kosa.

Yaya aliiandikia ile kampuni ya ng'ambo. Walijibu kwa heshima, kwa Kifaransa kizuri. Walisema diski zilifutwa kwa ombi la mwenye jina, kwa ufunguo ulio halali, na kitu kilichofutwa hivyo hakirudi. Yaya alinitafsiria, akaongeza yake: "Wanasema ni sisi tuliomba. Na ni kweli. Babu aliomba babu afutwe."

Siku hizi amebadilisha kila kitu. Kila kundi lina jina lake refu: jina la babu, halafu mtaa, halafu tarakimu ambazo mashine inajichagulia yenyewe ili zisifanane na za nyingine. Kila kundi lina ufunguo wake, na ufunguo wa Shituru haufungui vya Panda. Mfagiaji haruhusiwi kufuta tena kabla ya kuuliza mtu. Kabla ya kuamsha kundi jipya, yaya anatazama kwanza kule ng'ambo kama jina hilo limekwisha kuwa na mwenyewe. Mwenzake haulizi tena kwa utani. Yaya anasema sasa haiwezi kutokea. Namwamini. Makundi yake yana kasala, kila moja na yake. Sisi ndio hatuna.

Tulimpa Baba karatasi. Aliandika mistari michache, akaacha. Aligusa koo, kisha kichwa, kisha akafungua mkono kama mtu anayemwaga kitu. Nimeelewa baadaye anachosema. Kasala haikuwa kichwani mwake kama maneno yanavyokuwa ndani ya kitabu. Neno lilikuwa linalivuta jingine kwa sauti yake, na sauti haipo, kwa hiyo linalofuata haliji. Kwenye jeneza la shangazi ilikuja mara moja, kwa uchungu ule, na hakuna aliyeisikia. Tangu hapo amejaribu. Anakaa karibu na cherehani, anatikisa midomo, anapiga mapigo yake juu ya ubao kwa kidole. Mapigo nayajua yote. Naweza kuyakanyaga kwa pedali. Maneno yaliyo juu yake siyajui.

Daktari anasema uvimbe umeanza kurudi. Mama hataki tuseme hilo mbele yake, lakini yeye anajua. Juzi alinionyesha kidole, akaonyesha ardhi, akaonyesha kinywa changu, akaniuliza kwa macho. Anataka kujua nani atamsemea yeye. Niliendelea kushona.

Karatasi hizi zitapita kutoka mkono hadi mkono, hadi Kamina, labda hadi Mbuji-Mayi na Kananga. Yeyote aliyekupa wewe anajua mlango alikozitoa, na jibu litarudi kwa njia hiyo. Nakuomba umwulize mzee wa kwenu, kama bado yuko, kama anajua kasala ya yule aliyevuka mto amebeba moto ndani ya chungu. Sitegemei sana. Wengi watasema wamesikia mito mingi na vyungu vingi, na kweli iko hivyo. Lakini akiwepo anayejua mtu yule alifanya nini alipofika ng'ambo, uniandikie, hata kwa mwandiko mbaya kuliko wangu, na uandike kwa Kiluba jinsi mzee anavyosema, usitengeneze. Uniandikie na kama hakuna, ili nisingoje mlango huo. Baba bado anaweza kusikia. Nitamsomea kwa sauti.